Waruinge Alipigana Vipi?

Hapa Munyaka ukisema kijana wenu ni mwanaspoti, mtu atakuuliza anakimbia mita ngapi. Ndiyo Eldoret hiyo, hata uwanja wetu unaitwa Kipchoge Keino. Sasa binamu yangu, miaka kumi na mitano, amekataa kukimbia. Anataka ndondi. Nikamtumia makala niliyoandika zamani kuhusu Philip Waruinge wa Nakuru. Akaisoma kwa simu, akanirudia.

"Brathe, iko sawa. Lakini alikuwa anapigana aje?"

Nikaifungua tena makala yangu kutafuta sentensi hiyo. Haikuwepo.

Kila kitu kingine kilikuwepo: dhahabu za Jumuiya ya Madola 1966 na 1970, shaba ya Olimpiki Mexico 1968, fedha Munich 1972, safari ya Japani kupigania pesa, halafu aya tatu za machozi. Tangu siku hiyo nimesoma makala za wenzangu kuhusu mabondia wetu, na aisee, ni makala moja tu tunayobadilisha jina. Utoto wa shida, medali, kusahauliwa. Robert Wangila alimwangusha Mfaransa Laurent Boudouani pale Seoul 1988, na hiyo ndiyo dhahabu pekee ya Olimpiki ambayo Kenya imewahi kupata katika ndondi. Lakini tunaanza na kifo chake Las Vegas 1994, akiwa na miaka 26, kisha tunahamia kwa mvutano wa mazishi yake. Ngumi yenyewe inapata nusu mstari.

Waruinge ndiye anayeumizwa zaidi na uandishi huu. Mwaka 1968 alishindwa nusu fainali na Antonio Roldán, Mmexico aliyekuwa anapigana nyumbani kwao. Roldán akaenda kuchukua dhahabu baada ya Mmarekani Al Robinson kuondolewa na refa katika fainali. Halafu ikafika zamu ya Kombe la Val Barker, linalopewa bondia mwenye ufundi kuliko wote, wa uzani wowote. George Foreman alikuwa kwenye mashindano hayohayo na dhahabu yake ya uzani wa juu. Kombe likaenda kwa Waruinge, mtu wa shaba.

Mimi niliuandika ukweli huo kama kifuta jasho, eti angalau alipewa kikombe. Sasa naona ndio ulikuwa habari yenyewe. Watu waliokaa kando ya ulingo siku zote zile walitazama mikono na miguu yote, wakasema huyu ndiye anaijua kazi hii. Alikuwa anafanya nini?

Nadhani tumeazima macho ya riadha. Keino alipomshinda Jim Ryun kwenye mita 1500 Mexico, saa ilimaliza maneno. Ndondi haina saa ya aina hiyo. Fainali ya Munich, Waruinge alishindwa na Boris Kuznetsov wa Muungano wa Sovieti kwa kura 3 kwa 2. Majaji wawili waliona mapambano mengine kabisa. Hapo ndipo mwandishi anatakiwa aingie, aseme yeye ameona nini. Sisi tunaandika "alishindwa" na kuendelea.

Na si kwamba Kiswahili hakina maneno. Tuna kukwepa, kuchenga, kunesa, kuvizia, kubabaisha, kuhepa. Kwenye mpira tunayamwaga bure kwa winga wa timu ya mtaani. Bondia tunamwachia kushinda na kushindwa.

Sisemi tusitaje njaa ya wazee hawa. Ipo, na wanaohusika waulizwe. Ila mtu ukimkumbuka kwa njaa yake tu, umemnyang'anya hata kile ambacho majaji walimpa. Na binamu yangu, ambaye nyumbani wanamwambia kila siku kwamba ndondi itamrudisha mikono mitupu, makala yangu ilikuwa inawaunga mkono wao.

Nilimweleza haya yote tukiwa uani. Nilipofika kwa Val Barker akanikatiza: "Ngoja. Alipigwa, na bado wakasema ndiye fundi?" Akasimama mbele ya kamba ya nguo, akainama, akapita chini yake kushoto, kulia, kushoto tena, bila kuigusa.

Mama yake akapiga kelele kutoka jikoni kwamba shuka zikianguka atazifua mwenyewe.