Mstari Mpya, Mashine ya Mbali

Napenda kumtazama fundi wa seva aliyeiva akiwa kazini. Anaketi mjini Machakos, na mashine anayoiamuru huenda iko Konza kwenye kituo cha data, au iko Frankfurt. Kwake ni mamoja. Njia ni SSH, itifaki aliyoibuni Tatu Ylönen nchini Finland mwaka 1995. Ustadi wake nauona hasa katika jambo dogo mno: kuiambia mashine ile ikate mstari.

Anayeanza huandika hivi:

ssh seva printf 'moja\nmbili\n'

Jibu linakuja: mojanmbilin. Hakuna kilichoharibika. Sheli ya hapa Machakos imezivua zile nukuu, SSH ikayaunga maneno kwa nafasi na kuyatuma yakiwa amri moja, kisha sheli ya kule ikaisoma amri hiyo upya. Ilipokuta mkwaju wa nyuma usio na kinga, iliutupa, ikabaki n peke yake. Ni kama mzigo unaofunguliwa katika kila kituo: ukiufunga mara moja tu, unafika wazi.

Fundi aliyeiva hufunga mara mbili:

ssh seva "printf 'moja\nmbili\n'"

Nukuu za nje anampa msomaji wa hapa, za ndani anamwekea wa kule. Kabla ya kubonyeza kitufe amekwisha kuisoma amri kwa macho ya wote wawili, na utulivu huo ndio ninaoustahi.

Wala hakuchagua printf ovyo. Echo ya bash huchapisha \n jinsi ilivyo, mpaka uiongezee -e. Echo ya dash, ambayo ndiyo sh ya Debian, huigeuza kuwa mstari mpya bila kuombwa. Printf haimbadilikii.

Halafu kuna -t ya SSH, inayoomba terminali kule mbali. Ukiiweka, kila herufi ya mstari mpya, namba 10 katika ASCII, hutanguliwa na namba 13, yaani \r. Kwenye skrini huioni. Lakini jina la faili lililonaswa hivyo hubeba \r mkiani, na skripti inadai faili haipo ilhali unaiona. Fundi hashindani na skrini. Hupitisha matokeo kwenye od -c, akahesabu herufi mojamoja, akaiondoa -t, akapima tena.