Nusu ya Pili ya Santuri

Ipige santuri ya Columbia iliyokatwa mwaka 1949 kwa mashine iliyosawazishwa kwa kipimo cha leo. Itaimba vizuri tu, na wengi wetu tutaisikiliza bila kushuku lolote. Fundi wa kurejesha sauti hatulii. Fidla zimekuwa kali kuliko zilivyopigwa, na besi ya chini kabisa imejaa kupita kiasi.

Santuri haibebi sauti kama ilivyotoka studio. Sauti nene huiyumbisha sindano ya kukatia huku na huko, na ikiachwa hivyo, mfuo mmoja utabomoa ukuta wa mwenzake. Santuri ndefu, ambayo Columbia waliizindua New York mwaka 1948, ilitaka mifuo ibanane ili upande mmoja ubebe zaidi ya dakika 20. Basi besi ikapunguzwa wakati wa kukata, na sauti nyembamba zikainuliwa zipate kuushinda mchakacho. Mwenye gramafoni alitakiwa kuyageuza yote mawili: besi airudishe, sauti za juu azishushe. Ndipo muziki unapokamilika.

Tabu ni kwamba kila kampuni ilikuwa na kipimo chake. Kwenye hezi 10,000, Columbia walitaka sauti ishushwe desibeli 16. Kipimo cha 1951 cha AES, chama cha wahandisi wa sauti, kilitaka 12. Kile cha RIAA, chama cha kampuni za kurekodi za Marekani, kilichokubaliwa 1954 na kinachotumika hadi leo, ni 13.7.

Hapa ndipo ninapowavulia kofia mafundi hawa. Mwaka ulioandikwa kwenye jalada hauwatoshi, kwa sababu bamba la zamani liliweza kuendelea kutoa nakala hata baada ya kipimo kipya kuja. Huiinamisha santuri chini ya taa, wakasoma namba iliyochorwa kwenye ukingo laini ulio karibu na lebo. Hiyo ndiyo inayotambulisha ukataji wenyewe. Halafu husikiliza: "s" za mwimbaji, mkono wa kushoto wa mpiga piano. Husogeza kitufe kidogo tu, wakarudia kipande kilekile, tena na tena, mpaka piano iwe piano.

Nasi tuna letu humu. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, alirekodi Bombay mwaka 1928, kwenye santuri za kampuni ya HMV za mizunguko 78 kwa dakika. Santuri za kampuni hiyo za enzi zile kwa kawaida hazikuinuliwa sauti za juu. Ukizipitisha kwenye kipimo cha RIAA, unamkata Siti kile ambacho hakuongezewa. Atasikika kama anayeimba nyuma ya pazia zito, na msikilizaji atailaumu santuri kwamba imechakaa.

Ningependa kila maktaba ya sauti ihifadhi nakala mbili: moja kama sindano ilivyoisoma, haijaguswa, na nyingine iliyosawazishwa, kipimo alichochagua fundi kikiwa kimeandikwa kando yake, ili atakayekuja na sikio bora zaidi aweze kuianza kazi upya.