Sikiliza Gitaa la Kati

Waulize wapenzi wa dansi wanaokunywa chai pale stendi ya Same nani alikuwa mkali wa gitaa, na kila mmoja atakutajia mpiga solo. Wa kwanza atakuwa Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro. Atafuata Ndala Kasheba na gitaa lake la nyuzi kumi na mbili, kisha Saidi Mabera wa Msondo, kisha Wilson Peter Kinyonga wa Simba Wanyika. Nami nimewapenda wote hao tangu nikiwa mtoto, na sitamwondoa hata mmoja kwenye orodha. Leo, hata hivyo, nataka kumchambua mtu aliyekaa upande wa kivuli: Profesa Omari Shabani, mpiga gitaa la kati wa Les Wanyika, na kazi aliyoifanya katika "Sina Makosa". Wimbo ule una zaidi ya miaka arobaini, na bado ukipigwa harusini wazee na vijana husimama kwa pamoja. Nadai kwamba umeshikiliwa na gitaa la kati, na ukilitoa hilo unabaki na mashairi mazuri yasiyo na pa kukaa.

Nianze na namna nilivyousikia, maana masikio yangu yalifundishwa na redio mbovu. Nyumbani kwetu mlimani, Upare Kusini, tulikuwa na redio ya mkulima. Betri zikichoka tulizianika juani zipate uhai wa jioni moja zaidi. Mchana tuliipata Redio Tanzania kwa taabu. Usiku mambo yalibadilika, kwa sababu mawimbi ya masafa ya kati husafiri mbali zaidi giza likiingia, na kutoka kwetu ukishavuka nyika ya Mkomazi uko Kenya. Sauti ya Kenya ilikuja ikipanda na kushuka kama inayopulizwa na upepo, na ndani yake ndimo walimokuwamo Wanyika.

Redio ile ilikuwa na spika ndogo kuliko kiganja changu. Spika ya namna hiyo haiwezi kutoa sauti nzito, kwa hiyo besi yote ilimezwa. Sauti kali za juu nazo zilipotelea kwenye mikwaruzo ya masafa. Kilichotufikia kikiwa kizima ni cha katikati: sauti ya mwimbaji na gitaa la kati. Miaka mingi baadaye nilipousikia wimbo huohuo kwenye spika kubwa ndipo nilipogundua kwamba Tom Malanga alikuwa akipiga besi ya ajabu muda wote. Nilikuwa nimeupenda wimbo ambao nusu yake sijawahi kuisikia. Hilo lilinifikirisha sana. Kama wimbo ulisimama bila besi yake, basi kulikuwa na nguzo nyingine.

Historia yao inapita mlangoni kwetu. Ndugu wawili, Wilson Peter na George Peter Kinyonga, walianzia Tanga, wakapigia Jamhuri Jazz, na mwaka 1970 wakahamia Arusha na kuunda Arusha Jazz. Njia ya Tanga kwenda Arusha, ya reli na ya barabara, zote hupita Hedaru, Makanya na Same. Mwaka 1971 waliingia Mombasa, baadaye Nairobi, na jina likawa Simba Wanyika, yaani simba wa nyika. Mwaka 1978 bendi ilipasuka. Waliotoka walikuwa hasa wale wa nyuma, akiwamo Profesa Omari wa gitaa la kati, Tom Malanga wa besi na Rashid Juma wa dramu. Wakaunda Les Wanyika, na John Ngereza akashika solo. Issa Juma aliimba nao mwanzoni kabla ya kwenda kuanzisha bendi yake.

Tazama waliohama ni akina nani. Mpiga solo mkuu alibaki na bendi ya zamani, na nyumba mpya ikajengwa na mafundi wa msingi. Ndiyo maana mlio wa Les Wanyika ulikuwa mwembamba na safi tangu mwanzo. Ulikuwa umejengwa kutoka chini kwenda juu.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe. Jambo la kwanza ni mahali pa kila sauti. Waliokulia makanisani Upareni, Waadventista na Walutheri, wataelewa upesi, kwa kuwa kwaya zetu huimba sauti nne: soprano, alto, teno na besi. Mwalimu wa kwaya akisikia alto inapanda na kuikanyaga soprano, atasimamisha wimbo. Bendi ya magitaa hufuata sheria hiyohiyo. Besi ina ghorofa ya chini. Solo hupanda juu, mkono wa kushoto ukishuka karibu na tumbo la gitaa ambako nyuzi zimefupika na sauti ni nyembamba. Gitaa la kati hupewa pale alto na teno wanapokaa, yaani palepale anapoimba mwimbaji, na hapo ndipo ugumu ulipo. Kila noti unayoipiga inaweza kumziba anayeimba.

Bendi nyingi za roki za Ulaya na Marekani hulitatua hilo kwa nguvu. Mpiga gitaa hushika nyuzi zote, huzikwangua kwa pamoja, huongeza ukali wa amplifaya hadi sauti ipasuke, na mwimbaji hulazimika kupaza sauti ili atoke juu ya ukuta huo. Ni njia yenye heshima yake, na nimeifurahia pia. Profesa Omari alichagua njia ya pili. Gitaa lake halikwaruzi, na nyuzi hazipigwi kwa mkupuo. Huzidonoa mojamoja, zikifuatana kama shanga, kiasi kwamba mshiko mmoja wa vidole vya kushoto unatoa kijimstari kizima cha wimbo. Ukikisikiliza peke yake kinatosha kuimbwa. Kikiwa chini ya mwimbaji, kinapenya katikati ya silabi zake bila kuzifunika, kwa sababu kila wakati uzi mmoja tu ndio unaolia.

Jambo la pili ni zamu, na hapa mfano wangu unatoka mashambani kwetu. Upareni tuna ndiva, bwawa dogo la udongo na mawe ambalo hujaa maji ya chemchemi usiku, na asubuhi hufunguliwa yakateremka mferejini. Maji hayamtoshi kila mtu kwa wakati mmoja. Kwa hiyo yana zamu: leo fulani, kesho mwingine, na anayefungua mfereji nje ya zamu yake hukaushia shamba la jirani. Katika "Sina Makosa" muda umegawanywa vivyo hivyo. Besi ya Malanga husema maneno machache kisha hunyamaza. Ni kimya cha makusudi, na katika kimya hicho ndimo gitaa la kati linamotiririka. Mwimbaji akimaliza mstari, solo ya Ngereza huitika, fupi, na kujiondoa. Matoazi ya Rashid Juma huhesabu tu, hayagombani na mtu. Hakuna sehemu ambapo wote wanasema kwa mpigo, na hakuna sehemu iliyo tupu.

Ndiyo maana wimbo unakwenda bila haraka na bado mwili unatikisika. Mguu wa mchezaji unafuata besi. Kiuno kinafuata gitaa la kati, ambalo mapigo yake huangukia pale mguu ulipokwisha kutua. Mtu akicheza wimbo huu vizuri, ni kama anaigawa bendi katika viungo vyake.

Mjomba wangu mmoja alipigia bendi ya baa mjini Same, naye alikuwa mtu wa gitaa la kati. Nilipokuwa kijana nilimwuliza, "Mjomba, mbona hawakupi solo?" Akanijibu, "Mjomba, solo anapumzika akichoka. Mimi nikipumzika, watu wanarudi kukaa." Kisha akanishika mkono na kunionyesha kwamba vidole vya kulia vinaendelea kutembea hata pale ambapo hakuna sauti inayotoka. Mkono unapita hewani juu ya nyuzi bila kuzigusa, ili usipoteze hesabu. Pengo nalo hupigwa. Nimewatazama wapigaji wengi tangu siku ile, na wa kweli wote hufanya hivyo.

Jambo la tatu ni santuri yenyewe. Santuri ndogo zilibeba dakika chache kila upande, na bendi za Afrika Mashariki zilizoea kuukata wimbo mrefu vipande viwili: upande wa kwanza mashairi, upande wa pili magitaa na kiitikio. Ile sehemu ya pili Dar es Salaam huitwa chemko, wengine husema sebene. Katika bendi kubwa kama Mlimani Park, iliyoanzishwa mwaka huohuo wa 1978, chemko ni badiliko la wazi. Mwendo unakaza, tarumbeta na saksafoni zinaingia, na kati ya gitaa la kati na la solo kuna gitaa la tatu, linaloitwa solo la pili, ambalo hurudia kifungu kimoja kifupi ili solo la kwanza liwe huru. Ni ufundi mkubwa, na Mlimani Park waliumudu kuliko wote. Les Wanyika hawakuwa na jeshi hilo. Walikuwa na magitaa yao machache, kwa hiyo gitaa la kati lilibeba kazi ya watu wawili: kushika mshiko wa wimbo kama gitaa la kati, na kurudia kifungu chenye ladha kama solo la pili. Hapo ndipo ninapouona utu uzima wa Profesa Omari. Upungufu wa watu aliugeuza kuwa mtindo, na bendi zilizomfuata Nairobi zikaiga mtindo huo kana kwamba ndivyo ilivyokuwa siku zote.

Nimpishe kidogo mtoto mwingine wa pwani yetu, maana analisaidia jambo hili kueleweka. Freddie Mercury alizaliwa Zanzibar mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara. Bendi yake ya Queen iliporekodi "Bohemian Rhapsody" mwaka 1975, ilitumia utepe wa njia 24, na watu watatu waliimba tena na tena juu ya sauti zao wenyewe hadi wakasikika kama kwaya kubwa. Ni ujenzi wa matofali, moja juu ya jingine, na mjenzi ana muda wa kurudi nyuma kurekebisha. Katika studio ya Redio Tanzania miaka ileile, bendi ilipangwa chumbani mbele ya vipaza sauti vichache, wimbo ukapigwa wote kwa pamoja, na aliyekosea aliwarudisha wenzake wote mwanzo. Mwanamuziki wa dansi alilazimika kuimaliza kazi ya kupanga sauti kabla ya kuingia studio. Aliimalizia jukwaani, usiku baada ya usiku, akijifunza ni wapi mwenzake hupumua. Les Wanyika walitoka katika shule hiyo ya jukwaani, Tanga, Arusha, Mombasa na Nairobi. Usawa ule unaousikia umo mikononi mwao, hakuna fundi mitambo aliyewapatia.

Najua wapo watakaosema namwonea Ngereza. Solo yake ni tamu, na sauti yake haina mfano. Lakini fanya jaribio ambalo redio yetu ya mkulima ilinifanyia bila kukusudia. Mpe mpigaji mzuri aipige solo ya "Sina Makosa" peke yake, na watu watasema, aa, ni wimbo fulani wa zamani. Mpe alipige gitaa la kati peke yake, na kabla hajamaliza mzunguko wa pili chumba kizima kitakuwa kinaimba. Nimelifanya kwenye sherehe za familia kule Kisiwani na mjini Same, na matokeo hayajawahi kubadilika.

Kinachoniumiza ni jinsi nyimbo hizi zinavyopigwa upya leo. Bendi za hoteli na za harusi huweka kibodi pale palipokuwa na gitaa la kati. Kibodi hushika sauti moja ndefu na kujaza mapengo yote, mashine ya ngoma hupiga kila pigo kwa nguvu sawa, na mwimbaji huanza kupiga kelele kwa kuwa nafasi yake imechukuliwa. Mashairi ni yaleyale, mishiko ni ileile mitatu ya do, fa na so, na bado wimbo haupo. Mfereji umefunguliwa kwa wote kwa wakati mmoja.

George Peter alifariki mwaka 1992, Wilson Peter mwaka 1995, Profesa Omari mwaka 1998 na John Ngereza mwaka 2000. Hatuna tena wa kumwuliza jukwaani, ila kazi yao tunayo na inasikika vizuri kuliko ilivyosikika kwetu mlimani. Kwa hiyo kijana unayejifunza gitaa, uwe Same, Hedaru au Usangi, fanya hivi. Weka "Sina Makosa" na usikilize mara ya kwanza besi peke yake, uweke alama kila mahali inaponyamaza. Mara ya pili fuata gitaa la kati na uone linaingia katika zile alama. Kisha chukua gitaa lako, punguza sauti ya amplifaya, na upige sehemu hiyo kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kuongeza noti hata moja. Kaa hapo mwezi mzima kabla hujaigusa solo ya Ngereza.