Kitabu cha Tippu Tip Mikononi mwa Wanafunzi
Vijana wetu wa Kasongo na Kabambare waanzao masomo ya fasihi katika chuo kikuu, twapenda wapewe kwanza maisha ya Tippu Tip, aliyoyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili, nayo yakatolewa na Heinrich Brode huko Ujerumani mwaka 1902 na 1903. Lugha yake ni fupi, nzuri sana. Lakini mwalimu asiwaache wafurahie safari na vita tu. Awaulize: pembe zinahesabiwa kwa frasila, na wachukuzi wake je? Wana majina? Wasema neno? Wengine watajibu, hayo ni mambo ya historia. Sivyo: msimulizi ndiye achaguaye nani aseme. Na darasani wamo vitukuu vya wachukuzi na vya matajiri, benchi moja.