Sisi, Ninyi na Wao katika Hotuba za Sikukuu ya Uhuru

Siku ya uhuru mtawala husema kwa niaba ya taifa zima, na wasikilizaji huwa tayari kukubali ya kwamba neno "sisi" lawahusu wote. Kwa hiyo hotuba ya namna hii yafaa ichunguzwe sarufi yake kabla ya siasa yake. Hapa naitazama hotuba ya Rais Donald Trump, aliyoitoa tarehe 3 Julai 2020 penye Mlima Rushmore, South Dakota, usiku wa kuamkia sikukuu ya uhuru wa Marekani.

Waliomshutumu walisema ya kwamba alichanganya dini na siasa, tena aligawa watu. Shutuma hizo ni za kweli, lakini hazitoshi. Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa, alifanya yote mawili huko Rochester tarehe 5 Julai 1852. Aliitumia Zaburi ya mateka wa Babeli, akayakemea makanisa yaliyoukingia utumwa kifua, akawaambia wasikilizaji wake waziwazi kwamba sikukuu ile ni yao, si yake. Ni vigumu kugawa watu kwa ukali kupita huo.

Tofauti imo katika nafsi. Douglass hutumia nafsi ya pili: ninyi, uhuru wenu, baba zenu. Washtakiwa wameketi mbele yake na waweza kumjibu; tena anayejitoa katika "sisi" ni msemaji mwenyewe. Trump alishika nafsi ya tatu. Alisema iko kampeni isiyo na huruma ya kuifuta historia, kuwavunjia mashujaa heshima na kuwapotosha watoto. Watendao hayo ni "wao", wasio na majina. Ni haki kukumbuka kwamba alimtaja Martin Luther King kwa sifa, na kwamba alisema kila mtoto, wa rangi yo yote, ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Hata hivyo "wao" walibaki nje. Kiswahili, kama Kiingereza, hakitofautishi "sisi" pamoja nawe na "sisi" bila wewe. Zipo lugha zitofautishazo, na mfasiri wa lugha hizo angelazimika kuamua.

Sentensi nzito kuliko zote ni ile isemayo kwamba Wamarekani humpigia magoti Mwenyezi Mungu peke yake. Niliwapa wanafunzi wangu waifasiri. Wengi waliandika "twapiga magoti"; mmoja akaandika "twasujudu", nami nikamkosoa upesi mno. Kwetu kupiga magoti si lazima kuwe ibada. Mwanamke wa Kihaya au wa Kiganda humpigia magoti mkubwa wake anapomwamkia, wala hadhaniwi kumwabudu. Kusujudu ndiko alikowekewa Mungu. Wenzake walifasiri kitendo. Yeye alifasiri dai la msemaji.

Na kitendo ndicho kilichokuwa kikigombewa. Mwaka 2016 Colin Kaepernick, mchezaji wa mpira wa Kimarekani, alipiga goti wimbo wa taifa ulipopigwa, kulalamikia jinsi watu weusi walivyotendewa na polisi. Tarehe 25 Mei 2020 George Floyd alikufa huko Minneapolis baada ya askari kumkandamiza shingo kwa goti, na wengi wakapiga goti mitaani kwa ajili yake. Kwa sentensi moja malalamiko ya watu hao yalifanywa kana kwamba ni shirki, bila mtu kutajwa. Hoja haikutolewa, jina la Mungu lilishika mahali pake.

Milima ile yenyewe Walakota na ndugu zao wa Sioux waliahidiwa kwa mkataba wa mwaka 1868. Mwaka 1980 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba wastahili fidia. Fedha hizo wamezikataa, maana wataka ardhi. Siku ya hotuba waandamanaji, Walakota wakiwamo, waliiziba barabara iendayo mlimani, na kadhaa wakakamatwa kabla Rais hajapanda jukwaani.