Fundi na Msomi: Tahakiki ya Msamiati wa Elimu nchini Kenya

Mjadala juu ya elimu ya ufundi nchini Kenya umeachiwa wachumi na wapangaji wa elimu kwa muda mrefu, na wataalamu wa lugha wamekaa kando kana kwamba jambo hilo haliwahusu. Wachumi huhesabu karakana na ajira, nao wapangaji huhesabu shule na mitihani. Hata hivyo, dharau inayomwandama kijana aliyepelekwa chuo cha ufundi humfikia kwanza kwa maneno: ya mzazi siku matokeo yanapotangazwa, ya mwalimu anapogawa madarasa, ya majirani wanapouliza kijana ameangukia wapi. Makala haya yanakusudia kuyachunguza baadhi ya maneno hayo, na kuonyesha kwamba daraja lililopo kati ya fundi na msomi halikuzaliwa na Kiswahili. Liliingizwa katika lugha na shule, na ni shule hiyo hiyo inayoendelea kulilea.

Neno la kwanza ni fundi. Kamusi ya Kiswahili na Kiingereza iliyotolewa mwaka 1939 chini ya usimamizi wa Frederick Johnson humweleza fundi kuwa mtu mwenye ujuzi wa kazi au sanaa yoyote kiasi cha kuweza kuwafundisha wengine. Sehemu ya pili ya maelezo hayo ndiyo yenye uzito. Fundi hutokana na kitenzi funda, ambacho pia kimezaa fundisha, funza, mafunzo na mwanafunzi, pamoja na kule kufundwa kwa mwari unyagoni. Kijana aketiye darasani akiitwa mwanafunzi hubeba jina lenye shina moja na jina la seremala. Katika matumizi ya pwani neno hili halikujua mpaka kati ya kazi ya kichwa na kazi ya mkono. Mchongaji wa milango ya Lamu ni fundi, muunda jahazi ni fundi, mshona kanzu ni fundi, na mpiga ngoma hodari ni fundi. Mshairi akiambiwa kuwa ni fundi wa vina hushukuru, wala hadhani kwamba ametukanwa.

Mtazamo huo huonekana pia katika methali. Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta: methali hii hufasiriwa mara nyingi kuwa inahusu urithi wa tabia au wa kazi kutoka kwa mzazi. Fasiri hiyo ni sahihi, lakini huacha jambo moja. Asiyeweza kusana hakufukuzwa kiwandani mwa baba yake. Amepewa mivukuto, na bila mivukuto moto hauwaki wala chuma hakilainiki. Yumo ndani ya kazi ile ile, karibu na moto ule ule, akitazama jinsi nyundo inavyopiga. Mtihani wa kuchuja wanafunzi hutenda kinyume. Asiyesana hutolewa nje, kisha hutafutiwa mahali pengine penye jina lingine.

Neno msomi lina historia fupi zaidi. Katika upwa, kusoma kulikuwa kwanza kusoma kwa sauti, chuoni, mbele ya mwalimu wa Korani. Neno lilipofika bara mikononi mwa wamisheni, lilibadilika likawa alama ya kundi la watu. Katika nchi ya Wakikuyu waliojiunga na misheni waliitwa athomi, wasomaji, na jina hilo halikueleza tu kwamba walijua herufi. Lilieleza mavazi yao, nyumba zao, dini yao na matumaini yao. Tangu hapo msomi limekuwa jina la mtu aliyehama kutoka hali moja kwenda nyingine. Ndiyo sababu, katika matumizi ya leo, fundi wa mitambo anayekesha na vitabu vya injini haitwi msomi, ilhali mwenye shahada ambaye hajafunua kitabu tangu siku ya mahafali huitwa hivyo bila mtu kucheka.

Ingekuwa rahisi kusema kwamba wazazi wa Kenya walirithi dharau hii kutoka kwa wakoloni, na kuishia hapo. Historia yenyewe haikubali wepesi huo, kwa kuwa wakoloni waliisifu elimu ya ufundi, na waliisifu mno. Taarifa ya Profesa J. Nelson Fraser ya mwaka 1909 ilipendekeza Waafrika wapewe mafunzo ya kazi za mikono badala ya elimu ya vitabu. Tume ya Phelps-Stokes iliyozuru Afrika Mashariki mwaka 1924 ilihimiza elimu iliyolingana na maisha ya shambani, kwa kufuata mfano wa shule za watu weusi wa kusini mwa Marekani kama vile Tuskegee. Taarifa ya Beecher ya mwaka 1949 iliijenga elimu ya Waafrika kwa ngazi za miaka minne minne, na kati ya ngazi na ngazi ukawekwa mtihani wa kuwachuja walio wengi. Wakati huo wote watoto wa Wazungu walikuwa na shule zao, na hakuna tume iliyowaza kwamba wao ndio waliohitaji kufundishwa kushika jembe.

Basi mzazi Mwafrika alifanya hesabu yake. Aliona kwamba sifa za kazi ya mkono ziliimbwa na watu ambao hawakuwapeleka watoto wao kuifanya. Aliona pia kwamba karani alilipwa vizuri kuliko seremala, na kwamba aliyejua Kiingereza aliweza kuisoma hati ya ardhi kabla ya kutia kidole. Shule huru zilizoenea katika nchi ya Wakikuyu tangu mwisho wa miaka ya 1920 zilidai elimu kamili, yenye Kiingereza na vitabu, na dai hilo lilikuwa la kisiasa hata pale lilipoonekana kuwa la masomo tu. Kuikataa karakana kulikuwa njia moja ya kukataa kuwekewa dari. Mtaalamu Philip Foster, katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1965 yaliyotokana na utafiti wake wa Ghana, alionyesha kwamba shule ya vitabu ndiyo iliyokuwa elimu ya kazi hasa, kwa kuwa ndiyo iliyofungua kazi zenye malipo bora. Hoja hiyo inaihusu Kenya pia. Anayemlaumu mzazi kwa kupenda ofisi yafaa kwanza aeleze ofisi ilikuwa na nini ambacho karakana haikupewa.

Baada ya uhuru nia ilikuwa njema, lakini mpangilio haukubadilika. Mwaka 1966 Baraza la Kitaifa la Kikristo lilitoa taarifa juu ya hatima ya vijana waliomaliza shule ya msingi bila kupata nafasi ya sekondari, na kutokana na taarifa hiyo vikazaliwa vyuo vya ufundi vya vijijini. Tazama lakini ni kwa ajili ya nani vyuo hivyo vilianzishwa: kwa waliobaki. Wanafunzi wenyewe walilielewa hilo, ndiyo maana wao na wazazi wao walidai waandaliwe kwa mitihani ya serikali ya ufundi ili nao wapate vyeti. Waanzilishi waliotaka kijana ajifunze kazi ya kutumika kijijini walisikitika. Hawakuwa na haki ya kusikitika, kwa sababu wao wenyewe walikuwa na vyeti.

Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ulijaribu dawa nyingine. Sanaa na ufundi, sayansi kimu na kilimo yaliingizwa katika masomo ya kila mtoto, na wazazi wakahimizwa kujenga karakana kwa harambee. Wazo la kumpa kila mtoto masomo hayo, mwerevu na mzito, lilikuwa ndilo wazo bora zaidi kuwahi kujaribiwa nchini katika jambo hili, na inafaa kulisema wazi kwa kuwa siku hizi ni desturi kulibeza. Lililoliangusha ni vifaa na mtihani. Shule nyingi zilikosa karakana, na mtoto aliweza kujibu swali kuhusu randa bila kuishika randa. Mtaala ulipopunguzwa mapema katika miaka ya 2000, masomo ya mikono yalikuwa miongoni mwa yaliyotangulia kuondolewa katika mtihani, na kilichotoka katika mtihani kilitoka darasani pia.

Majina ya vyuo yanasimulia kisa hicho hicho. Taasisi iliyoanzishwa Mombasa mwishoni mwa miaka ya 1940 ili kuwapa vijana Waislamu wa Afrika Mashariki elimu ya ufundi iligeuzwa jina mwaka 1966, ikageuzwa tena mwaka 1972 kuwa Mombasa Polytechnic, ikawa chuo kikuu kishiriki mwaka 2007, na mwaka 2013 ikatangazwa kuwa chuo kikuu kamili cha kiufundi. Kenya Polytechnic ya Nairobi ilipanda ngazi hizo hizo mbili za mwisho katika miaka hiyo hiyo. Kupanda huku kunasifiwa, na pengine kwa haki. Hata hivyo kunafundisha kwamba chuo cha ufundi kikifanya kazi yake vizuri, zawadi yake ni kuwa kitu kingine.

Neno jua kali linastahili kutazamwa peke yake, maana ni neno la wananchi na limependwa na wengi. Lilianza kama utani wa mafundi waliofua mabati na kuunda masanduku katika uwanja wazi, kama vile Kamukunji mjini Nairobi, kisha likakubaliwa na serikali hata kuingia katika anwani ya Waraka wa Bunge Nambari 2 wa mwaka 1992. Katika kinywa cha fundi mwenyewe neno hili lina ushupavu: jua linawaka, nasi tupo. Katika karatasi ya serikali maana yake hugeuka. Mtu hatajwi tena kwa anachokijua, bali kwa paa asilokuwa nalo. Kutoka fundi, jina la ujuzi na ualimu, hadi jua kali, jina la ukosefu, ni mteremko mkubwa ambao lugha imeupita katika muda usiotimia karne.

Fasihi nayo haikusalimika, hata ile yenye nia ya kuitukuza kazi. Katika riwaya ya Shaaban Robert, Utubora Mkulima, iliyochapishwa mwaka 1968, mhusika mkuu huiacha kazi ya mshahara mjini na kwenda kulima. Wahakiki wameisifu riwaya hii kwa kuupa ukulima heshima, na sifa hiyo ni ya haki. Lakini heshima hiyo imepatikanaje? Utubora ana kitu cha kukiacha. Anakishika kishikio cha jembe akiwa mtu ambaye mji ulimtaka naye akaukataa, na msomaji humheshimu kwa sababu ya kule kukataa. Mkulima ambaye hakuwahi kuitwa mjini, aliyezaliwa na jembe na kufa nalo, hana nafasi ya kufanya tendo hilo tukufu. Kazi ya mkono hapa imetukuzwa kwa heshima iliyoazimwa mezani. Si neno la kumlaumu mwandishi, ambaye mwenyewe aliingia kazini mwaka 1926 akiwa karani wa forodha, na ambaye aliiona thamani ya jembe mapema kuliko wengi. Ni kuonyesha tu jinsi ilivyo vigumu, hata kwa kalamu kubwa, kumsifu fundi bila kumpitisha kwanza ofisini.

Suala hili limepata haraka mpya. Kundi la kwanza la wanafunzi wa mtaala wa umilisi lilifanya mtihani wa kumaliza sekondari ya chini mwaka 2025, na Gredi ya 10 ikapangiwa kuanza Januari 2026 kwa mikondo mitatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, sayansi za jamii, na sanaa na michezo. Masomo ya kiufundi yamewekwa ndani ya mkondo wa kwanza, ambao ndio unaotukuzwa zaidi, na huo ni uamuzi mzuri kama hayatageuzwa kuwa chumba cha nyuma cha nyumba hiyo. Tanzania imechagua vingine. Sera yake ya elimu ya mwaka 2014, toleo la 2023, inatambua katika sekondari mkondo wa jumla na mkondo wa amali. Amali ni neno zuri, lililokwisha zoeleka Zanzibar katika mafunzo ya kazi, na halijachafuliwa kama mengine. Hatari imo katika neno jumla. Palipo na njia ya jumla na njia ya kitu fulani, wazazi hawatakawia kujua ni ipi iliyo kubwa. Hata mkondo lenyewe ni neno la kutiliwa shaka, kwa kuwa maji yaliyomo mkondoni hayachagui yaendako.

Idara za Kiswahili zina deni lao katika jambo hili, nalo halilipwi kwa kuunda istilahi za kupendeza peke yake. Nchini Kenya kozi za ufundi hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Katika karakana yenyewe kazi huendeshwa kwa Kiswahili: randa, patasi, tindo, keekee, jiriwa, timazi, pimamaji, mwiko. Mengi ya maneno haya yamo katika kamusi bila michoro na bila maelezo ya matumizi, na mengine mengi yamo vinywani mwa mafundi tu, hayajaandikwa popote. Kijana anayeweza kueleza kwa Kiswahili, hatua kwa hatua, jinsi ngazi ya nyumba inavyopimwa na kumwagwa saruji, huingia katika chumba cha mtihani na kukuta karatasi ya nadharia iliyoandikwa katika lugha iliyomtoa shuleni hapo awali. Akishindwa, huandikwa kwamba hajui kazi. Wakati huo ngazi aliyoijenga inapandwa na watu.