Kumpambanua Mshauri Stadi wa Hesabu za Duka

Mfanyabiashara wa khanga, aletewapo bidhaa mpya, haridhiki na uzuri wa rangi peke yake. Huishika nguo, huifikicha kwa vidole apate kujua kama uzito wake ni wa uzi au ni wa wanga tu, huigeuza nyuma, kisha ndipo huuliza bei. Lakini mtu huyo huyo, aliye hodari wa kupima nguo, amhitajipo mshauri wa fedha za duka lake, aghalabu humkubali kwa ajili ya tai yake, au muhuri wake, au wepesi wa ulimi wake. Nayo kazi ya mshauri ni ufundi kama ufundi mwingine: ina uzi wake na ina wanga wake, na ajuaye kuishika hahadaiki.

Habari ya kuandikishwa kwa mshauri haina urefu. Tanzania ina Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972, na Kenya ina taasisi ya wahasibu iitwayo ICPAK, iliyoanza mwaka 1978; jina la mhasibu huulizwa huko, na asiyetaka liulizwe amekwisha kujibu. Hata hivyo cheti ni mlango tu, na wengi wameupita pasipo kuwa mafundi.

Alama ya kwanza ya ustadi ni maswali. Mshauri hafifu huja na majibu yake tayari, akakutajia mkopo, akakutajia na duka la pili, kabla hajajua unauza nini. Ilhali aliye stadi huomba kwanza kuonyeshwa mtoto wa meza penye fedha za mauzo, na rafu za nyuma zenye bidhaa zilizolala, na lile daftari la madeni ambalo mwenye duka hulificha kama mtu afichavyo kidonda, kisha huuliza swali ambalo wengi huona haya kulijibu: chakula cha nyumbani hununuliwa kwa fedha ipi?

Swali hilo si upekuzi, bali ni roho ya kazi yenyewe, na mfano mdogo utalibainisha. Tuseme umenunua doti 20 za khanga kwa shilingi 9,000 kila doti, ukatoa shilingi 180,000. Ukaziuza kwa shilingi 12,000, doti 15 kwa fedha taslimu, na doti 5 ukawakopesha majirani watano. Jioni mna shilingi 180,000 mezani, moyo wakuambia biashara ni njema, nawe wachukua 40,000 za unga, mafuta na ada ya mtoto. Karani wa kawaida ataandika kwamba umepata faida ya shilingi 60,000, wala hatakuwa amesema uongo. Lakini mshauri stadi ataweka kidole juu ya hesabu akuonyeshe kwamba zile 180,000 ni rasilmali yako tupu, iliyorudi bila kuongezeka hata senti, kwamba faida yote imo mikononi mwa wale majirani watano, na kwamba ulichokula nyumbani ni khanga za safari ijayo. Na hapo kodi ya pango na mshahara wa msaidizi havijatajwa bado. Awezaye kuyatenga haya matatu, faida, fedha taslimu na matumizi ya nyumba, akayaeleza kwa bidhaa zako mwenyewe pasi na istilahi za kutisha, huyo anaijua kazi.

Alama ya pili imo katika daftari. Desturi ya kuandika kila jambo mara mbili, upande wa kupokea na upande wa kutoa, ni kongwe. Luca Pacioli, mtawa wa Kifransisko, aliieleza katika kitabu kilichochapishwa Venice mwaka 1494, na hadi leo pande mbili zisipolingana pana kosa. Lakini jihadhari na mtu akuleteaye urari uliolingana akadhani kazi imekwisha, kwa kuwa urari hulingana hata kama mauzo ya siku nzima hayakuandikwa kabisa, na hulingana hata kama bei ya jokofu imetiwa katika gharama za umeme. Stadi huchukua taarifa ya benki akailinganisha na daftari mstari kwa mstari, huhesabu bidhaa za dukani kwa mkono wake, na kwa kila tarakimu huweza kukutolea stakabadhi. Hesabu zisizo na stakabadhi, ziwe na mwandiko mzuri namna gani, ni wanga.

Alama ya tatu ni uaminifu. Kodi ya ongezeko la thamani, iliyoanza kutozwa Tanzania Bara mwaka 1998, humfanya mfanyabiashara aliyesajiliwa kuwa mshika amana, maana sehemu ya fedha aipokeayo kwa mnunuzi si yake. Mshauri mwema huiandika mbali, na yule akuahidiye kuificha, akitaka ujira kwa kadiri ya alichoficha, anakuuzia kosa ambalo saini iliyo chini yake ni yako. Kadhalika mtazame anavyokataa: ukitaka mkopo wa miezi 6 kwa kujengea ghala litakalolipa gharama yake kwa miaka 10, naye akakwambia hapana, akakuonyesha mwezi ambao fedha zitakatika, mshikilie mtu huyo.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Na daftari lisilofahamika na mwenyewe halina tofauti kubwa na kukosa daftari. Basi, msomaji, baada ya miezi 3 keti peke yako ujiulize: namdai nani, nadaiwa na nani, na nikifunga duka leo nitabaki na nini? Ukijibu bila kumpigia mtu simu, umelipa ujira kwa haki. Ukishindwa, mwite mshauri wako aeleze tena, mara ya pili na ya tatu, wala usione haya. Aliye stadi hatakasirika, maana duka ni lako na deni ni lako.